Kitunguu Saumu cha Mama wa Dukani

Mwaka tuliohamishiwa kijijini, binti yangu wa kwanza alikuwa ndiyo kwanza ameanza kukimbia bila kuanguka. Siku hizo Bariadi ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, na Simiyu kwetu lilikuwa jina la mto tu. Tulikuwa tunaishi mbali na barabara ya Dutwa, kila kaya na uzio wake wa minyaa, kati ya kaya moja na nyingine mashamba ya pamba na malisho. Ukizimikiwa na moto jikoni, ulitembea hasa mpaka uupate kwa jirani.

Halafu ikaja amri ya vijiji. Tukapewa viwanja vilivyopimwa kwa kamba, nyumba zikapangwa mstari mmoja kama watoto wa shule asubuhi. Mume wangu alijenga harakaharaka, akaezeka, akarudi upande wa ziwa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba alikokuwa kibarua. Nikabaki na mama mkwe na mtoto.

Watu walilalamikia maji, walilalamikia mashamba kuwa mbali. Mimi kilichonisumbua ni sauti. Kule tulikotoka ulisikia ng'ombe na upepo. Hapa nilisikia sufuria ya jirani ikifunikwa, nikasikia mtu na mkewe wakinuniana, na mtu akikohoa nyumba ya tatu nilijua amelalia ubavu gani. Nikawa nasikiliza hata nisipotaka.

Upande wetu wa kulia lilikuwa duka la kijiji. Aliyeliendesha alikuwa mwanamume wa Kondoa, mpole, aliyewahi kufanya biashara Dutwa kabla hajaombwa kuja kutushikia duka. Mke wake tulimwita Mama wa Dukani. Alikuwa Mwislamu, mnene kidogo, mwenye Kiswahili cha haraka ambacho mimi, wa darasa la nne, nilikifuata kwa kukimbia. Mtoto wao mmoja wa kiume alikuwa anasoma Kondoa, kwa bibi yake.

Juu ya mlango wa jiko lake kulining'inia mafungu ya vitunguu saumu, vimesukwa kwa mabua yake kama mkia wa nywele. Ndugu zake walimletea kutoka Mbulu. Kwetu wakati ule kitunguu saumu hakikuwa kitu cha jikoni. Tulikuwa tumekiona mjini Bariadi, kwenye maduka, tukakipita. Yeye alikitia kwenye kila kitu. Uzio kati yetu ulikuwa wa mabua ya mtama, mfupi, na mimi nilikuwa naona. Mume wake akiumwa jino, alisaga punje moja, akaifunga kwenye pamba kidogo, akamwambia aing'ate. Sikio likimvuma, alipasha punje ndani ya mafuta ya karanga, akaacha yapoe, akadondosha kwanza tone kwenye kiganja chake mwenyewe, ndipo akamlaza ubavu na kumtilia. Mwenyewe alitafuna punje moja kila asubuhi kabla ya chai, akikunja uso, kwa sababu alisema ana presha na damu yake ni nzito.

Mama mkwe hakupenda ile harufu.

"Anatwanga nini yule kila siku?" aliniuliza, kwa Kisukuma, maana Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu.

"Kitunguu, mayu."

"Kitunguu gani kinanuka kama kitu kimefia darini?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanikataza kula chochote cha jiko lile, na kwa kuwa alikuwa mayu wangu, mama yangu kama aliyenizaa, nikaitikia.

Kikohozi kilikuja na mvua za mwezi wa tatu. Kilianzia nyumba za mwisho wa mstari, kikaanza kusogea. Watoto waliotoka vitongoji mbalimbali walikuwa sasa wanacheza tope moja, wanakunywa kata moja. Wakubwa walikitambua mapema: kifaduro. Mtoto alikohoa mfululizo bila nafasi ya kuvuta pumzi, uso ukawiva, macho yakatoka, halafu mwishoni pumzi ikaingia kwa mlio mwembamba kama jogoo mdogo anayejifunza kuwika. Kisha akatapika. Kisha akacheza, kana kwamba hakuna kilichotokea, mpaka kije kingine. Hicho cha kucheza katikati ndicho kilichonitisha zaidi. Usingeweza kujua lini ujiandae.

Katika nyumba ya tano kutoka kwetu alifariki mtoto mchanga wa kiume. Tulimzika asubuhi, kaburi likijaa maji kadiri wanaume walivyolichimba. Mama yake hakulia. Alikuwa anautazama umati wetu, mmoja mmoja, kama anayetafuta kitu alichoangusha. Macho yake yalipofika kwa Mama wa Dukani, yakabaki pale.

Maneno yalianza siku hiyohiyo kisimani. Mmoja aliuliza, kabla hatujaja hapa nani aliwahi kusikia watoto wakikohoa wote kwa pamoja. Mwingine akasema mwenye mtoto wake mbali haogopi. Wa tatu akasema, kwani yale meupe anayotundika mlangoni ni ya nini, mbona yanafanana na meno. Mimi nilikuwa nateka maji, nikaendelea kuteka. Halafu mtu mmoja, sikumwona nani, akalitamka neno lenyewe kwa sauti ya chini: nogi. Mchawi.

Msomaji ambaye hakukulia kwetu anaweza kuona ni umbea wa wanawake. Mimi nilipokuwa msichana, karibu na kwa wazazi wangu palikuwa na bibi mmoja mwenye macho mekundu ya moshi wa jikoni. Neno lake nalo lilianzia kisimani. Tulimkuta asubuhi ndani ya nyumba yake, amekatwa. Kwa hiyo niliposikia lile neno, ndoo ilinitoka mkononi, na wenzangu wakadhani nimeteleza.

Binti yangu alianza kukohoa baada ya mazishi yale. Mwanzoni nilijidanganya ni mafua. Nikamfunika, nikampa uji wa moto. Kisha jioni moja akiwa anacheka, kicheko kikageuka. Akakohoa, akakohoa, mikono yake ikanishika nguo, na ule mlio wa jogoo ukatoka kinywani mwa mwanangu. Mama mkwe aliinuka kwenye kigoda, akatoka nje, akasimama na mgongo wake kwetu.

Yeye alikuwa na dawa yake, nayo ilikuwa maziwa ya punda. Ndivyo alivyowatibu wanawe, na wote walipona, alisema. Lakini kijijini hapakuwa na punda jike mwenye maziwa. Alitembea kwenye mvua mpaka kitongoji cha wafugaji ng'ambo ya mbuga, akarudi matope magotini na kibuyu kidogo. Mtoto aliyanywa, akayatapika na kikohozi kilichofuata. Akaenda tena. Miguu yake ilikuwa inavimba siku hizo na sikujua alipata wapi nguvu ya kwenda.

Nilikuwa naanika nguo pale Mama wa Dukani aliponiita kutoka upande wa pili wa uzio.

"Mwanangu, njoo na mtoto."

Nilitazama nyuma. Mama mkwe alikuwa hajarudi. Nilitazama mbele, kama kuna mtu njiani. Ninakumbuka nilitazama kila upande kama mwizi, kisha nikapita kwenye upenyo wa uzio.

Alimpakata binti yangu, akaweka sikio mgongoni pake, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Hiki ni kifaduro. Mimi sina dawa ya kukiondoa, nisikudanganye," alisema. "Nina cha kulainisha kifua, apate kulala, apate kula. Unaelewa tofauti?"

Nikasema naelewa.

Alichukua punje, akazimenya, akaziponda kwenye kinu kidogo cha mti, akaziacha kwanza zikae. Alisema ukizichanganya palepale zinakuwa hazijaamka. Kisha akamimina asali ya nyuki, akakoroga, akachuja kwa kitambaa. Akachota kijiko, akakinywa yeye. Akachota kingine, akanipa mimi. Kiliniunguza koo, kikaacha utamu nyuma. Ndipo akampa mtoto nusu kijiko. Alikunja uso, akatema kidogo, akameza.

"Nusu kijiko kama hiki asubuhi na jioni. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka usimpe asali, lakini huyu ameshakua. Na nyayo umpake hii." Alinipa kopo la samli iliyochemshwa na kitunguu. "Usije ukaponda kibichi ukambandika kifuani, kama wengine wanavyofanya. Kitambabua ngozi."

Halafu akanishika mkono.

"Na sikiliza. Ukiona midomo imekuwa ya bluu, au mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, au amelegea hataki hata kunyonya kidole, usije kwangu. Usitafute punda. Nenda zahanati Dutwa."

Dawa iliyobaki aliitia chupani, nikaificha chupa ndani ya mtungi wa mtama, chini kabisa. Harufu sikuweza kuificha. Nilipika dagaa kila siku ili ijifiche humo. Nilichoma maganda ya mahindi. Kila mama mkwe alipoingia ndani nilitazama pua yake. Na mtoto kweli alianza kulala kidogo. Kikohozi kilikuja vilevile, ila makohozi yalitoka kwa wepesi, na baada ya kutapika aliweza kubakiza uji. Badala ya kufurahi nilizidi kuogopa. Je, mtu akiniuliza mbona wako ana nafuu, nitasemaje? Na akizidiwa, watasema alilishwa nini, na na nani?

Asubuhi moja mama mkwe alimbeba mjukuu wake, akamgeuza, akanusa nyayo zake. Alinusa ya kulia, akanusa ya kushoto. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko, nikahisi umekuwa mzito.

"Mtoto ananuka," alisema.

"Ndiyo, mayu."

Akamlaza chini taratibu, akatoka nje. Hakusema zaidi siku hiyo, wala iliyofuata. Kama angenigombeza ningejua nimesimama wapi. Aliponyamaza, sikujua kama amenielewa au amekwenda kunisemea.

Balozi wa nyumba kumi alipita akitangaza mkutano ghalani, lile ghala la pamba katikati ya kijiji. Kila kaya itoe mtu mmoja mzima. Ajenda ilikuwa afya ya watoto. Lakini mgambo waliambiwa nao wawepo, na duka liliambiwa lifungwe, na Mama wa Dukani aliambiwa aje yeye mwenyewe, si mume wake. Hapo kila mtu alielewa ni afya gani.

Siku ya mkutano kulipambazuka na mvua ndogo. Nilikuwa nampaka mtoto samli nilipoona kifua chake. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani, zinatoka, haraka, kama mtu anayepuliza moto. Sikumbuki kukohoa kwake asubuhi ile. Nafikiri hakuwa na nguvu. Nilimgeuzia mwangani. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu mabichi.

Nilipita kwenye uzio bila kutazama upande wowote. Mke na mume walikuwa tayari, yeye amejitanda kanga, mumewe amevaa koti ili amsindikize. Nilimwonyesha mtoto tu. Mama wa Dukani alimtazama mara moja, akamgeukia mume wake.

"Toa baiskeli."

"Na wewe?"

"Mimi naitwa mkutanoni. Mtoto haitwi mkutanoni. Toa baiskeli, baba."

"Siwezi kukuacha na watu wale peke yako."

"Basi mwache huyu afe, halafu uone kama utaweza kunilinda."

Yule bwana alisimama. Kisha akaingia ndani, akatoa baiskeli.

Nilirudi kuchukua kanga ya kumbebea. Mama mkwe alikuwa mlangoni, amevaa nguo yake ya kanisani.

"Nendeni," alisema. "Huko ghalani nitakwenda mimi."

Nilitaka kumuuliza unakwenda kusema nini. Nilitaka kumwambia, mayu, tafadhali. Lakini mkwe hamuulizi mama mkwe hivyo, na mtoto alikuwa anapumua vile. Nikapanda nyuma ya baiskeli.

Anayejua udongo wetu mweusi anajua mvua ikishaunyeshea. Hatukufika mbali, tope likajaa kati ya gurudumu na bati, baiskeli ikagoma. Yule bwana aliteremka, akachokonoa kwa kijiti, tukapanda, ikagoma tena. Mwishowe akaibeba begani, tukatembea, viatu vyetu vizito kama mawe. Mtoto alikuwa mgongoni mwangu na nilikuwa nahesabu pumzi zake kwenye ngozi yangu. Zikawa fupi. Halafu nikahisi hakuna kitu.

Nilipiga kelele. Tulimfungua kutoka mgongoni, nikamwinamisha juu ya mkono wangu kama nilivyowahi kuona wakunga wakimfanyia mtoto mchanga, yule bwana akampiga mgongoni kwa kiganja, mara nyingi. Ute mzito ukamtoka puani na kinywani. Akavuta pumzi, kwa ule mlio wake, na mimi niliyeuchukia ule mlio kuliko sauti zote nikaupokea kwa machozi. Nilimbeba mbele kifuani kuanzia hapo, ili nimwone uso. Tulipofika kwenye changarawe ya barabara tukapanda tena, yule bwana akakanyaga pedali bila kusimama mpaka Dutwa.

Akiwa anakanyaga ndipo aliponisemesha.

"Mwanangu," alisema bila kugeuka, "mtoto huyu lazima aishi."

Nilikuwa nimeshalifikiria. Mtoto wangu akifa mikononi mwangu, na kijiji kikajua kuwa alikuwa anakunywa dawa ya jirani, yule mama hataiona wiki ijayo. Nilikuwa nimebeba roho mbili kwenye kanga moja. Na kule ghalani, saa ileile, mama mkwe wangu aliyenusa nyayo za mtoto alikuwa anasimama kuzungumza.

Zahanati ilikuwa imejaa akina mama wenye watoto wa mlio uleule. Nesi alimwona wetu, akatuvusha mbele ya foleni. Mganga alimpima, akasema kifaduro kimeshashuka kwenye mapafu. Akamchoma sindano, akaandika dawa ya maji, akasema hatutarudi nyumbani mpaka yeye aseme. Kisha akauliza swali nililoliogopa.

"Mmempa nini nyumbani?"

Akina mama waliokuwa wamenitangulia walikuwa wamegombezwa kwa mitishamba, niliwasikia. Lakini sikuwa na nguvu ya kutunga uongo.

"Maziwa ya punda," nikasema. "Na kitunguu saumu kwenye asali."

Aliandika kitu. "Kitunguu mpe kama chakula, hakina neno. Wengi wanatumia kwa mafua na kifua. Ila hiki kilichoko kwenye mapafu, kitunguu hakikiwezi."

"Aliyenipa aliniambia hivyo hivyo," nikasema. "Ndiye aliyesema nije."

Mganga akainua macho. "Basi mshukuru. Wengine hapa wamechelewa."

Yule bwana aliposikia kuwa tunalazwa, aliinama, akashika kichwa cha mtoto, akaaga. Nilimwona akiondoka na baiskeli yake yenye tope, anakimbia nayo pembeni kabla hajaipanda. Nikabaki kwenye mkeka. Siku ile sikula. Mtoto alikuwa anapumua, mimi nahesabu, na kila mlango uliofunguka nilidhani ni mtu wa kijijini analeta habari.

Aliyekuja siku ya pili alikuwa mama mkwe. Alikuwa ametembea kwa miguu yake ile iliyovimba, na kikapu cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kichwani. Nilipiga goti.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Mtoto?"

"Anapumua vizuri kidogo. Amekunywa uji."

Akakaa chini kwa tabu. Akamwinamia mjukuu wake, na alipofungua kinywa kumwita, harufu ikanifikia. Kitunguu saumu. Si cha nyayo za mtoto, ni cha kinywani mwake. Nilidhani nimechanganyikiwa kwa kutolala.

"Mayu," nikasema, "huko ghalani kulikuwaje?"

Alimega kipande cha michembe kabla ya kunijibu.

"Walimweka katikati. Wakamwambia alete kile kinu. Akakileta. Wakamwambia ale kilichomo, akala. Wakasema mwenyewe hawezi kujidhuru kwa dawa yake, huo si ushahidi. Yule aliyefiwa na mtoto akaanza kulia, na vijana wakaanza kusogea. Ndipo nikasimama."

"Ukasema nini?"

"Nikawaambia waje waninuse."

Sikuelewa. Akaona kuwa sikuelewa, akakasirika kidogo, kama mtu aliyeshikwa.

"Tangu mvua zianze ninakula kitu chake kwa ajili ya miguu hii. Ukienda shamba, mimi napita kwenye uzio. Ananipa punje mbili na maji ya moto. Uvimbe hauondoki, lakini maumivu yanapungua na ninaweza kutembea. Kwani ulidhani kwa wafugaji nilikuwa nakwenda kwa miguu gani? Nikawaambia, kama huyu ni nogi, basi mimi nimekula mkononi mwake msimu mzima, na mnaniona nimesimama. Na kama na mimi ni nogi, semeni hapa, mbele ya balozi, nikiwa nawasikia."

"Wakasemaje?"

"Nani aseme? Balozi mwenyewe nimemkata kitovu mimi." Akatafuna. "Hawakusema wamekosea. Walisema mkutano umefungwa."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, siku zote zile nilizokuwa nikipika dagaa.

"Ningekuambiaje, na mimi ndiye niliyekukataza?" alisema. "Na wewe kwa nini hukuniambia?"

Tukatazamana. Nadhani angecheka, lakini mtoto alianza kukohoa na sote wawili tukamrukia.

Tulirudi kijijini baada ya mganga kuridhika. Kifaduro hakikumalizika haraka. Sindano zilisafisha mapafu, lakini kile kikohozi chenyewe kilikaa mpaka tulipokuwa tunavuna pamba, kikipungua siku baada ya siku. Nilimpa dawa ya zahanati mpaka ikaisha, na kijiko cha asali na kitunguu nikaendelea nacho asubuhi na jioni. Sasa chupa ilikaa rafuni, mbele ya macho ya kila mgeni. Mama mkwe aliiweka huko yeye mwenyewe.

Wanawake wengine walianza kuja kwa Mama wa Dukani, kwanza kwa mlango wa nyuma, wakisingizia chumvi. Aliwapa wote, na wote aliwaambia maneno yaleyale: hiki ni cha kulainisha, midomo ikibadilika usije kwangu. Watoto watatu wengine walipelekwa Dutwa mapema kwa ajili ya neno hilo. Lakini si kila mtu alikuja. Yule aliyefiwa alizunguka njia ndefu ili asipite mbele ya duka. Mama wa Dukani alijaribu kumsalimu mara nyingi, na kila mara salamu yake ilianguka chini. Mimi nilikuwa jirani wa wote wawili na sikujua la kufanya. Sikuweza hata kumlaumu yule mama. Alikuwa amezika, na mimi wangu nilikuwa nimembeba.

Kwa muda wote ambao wenye duka walibaki hapo, usalama wao haukuwa wa kukamilika. Bwana wa duka aliweka komeo la pili. Mkewe aliyashusha yale mafungu kutoka mlangoni, akayahamishia ndani, juu ya kitanda. Mimi nikisikia nyayo nje ya uzio niliacha ninachofanya na kusikiliza mpaka zipite. Miaka michache baadaye walirudi Kondoa, kwa sababu bibi wa mtoto wao alikuwa amezeeka. Sikumwona tena Mama wa Dukani. Aliniachia fungu zima la mbegu, nikalipanda kwenye udongo wetu mweusi, na masika yalipofika mbegu zote zikaoza. Nikawa nanunua sokoni Bariadi kama watu wengine.

Mama mkwe aliishi muda mrefu na miguu yake ile, akitafuna punje zake na kulalamika kuhusu ladha. Na binti yangu alikua, akanenepa, akaanza shule. Alikuwa mtoto wa kucheka sana. Akicheka na wenzake uani, mimi niliacha jembe au sufuria, nikasimama nyuma yake pasipo yeye kujua, nikisubiri kicheko kiishe salama.